Mgonjwa Asiye na Hadithi ya Vita

Colombe aliacha kuamka mwezi wa kumi, masomo yakiwa yamekwisha kushika kasi. Hakuanguka, hakupatwa na homa, hakutapika. Asubuhi moja mama yake, Maman Virginie, alimwita akachote maji kabla bomba halijakatika. Akaitika, "Ninakuja," lakini hakuja. Mama akaingia chumbani, akamkuta amelala macho wazi, ameukazia ukuta, blanketi limemfika kidevuni.

"Uko na malaria?"

"Hapana, maman."

"Sasa ni nini?"

Colombe akafikiri kwanza, maana alikuwa mtoto wa kujibu maswali vizuri. "Mwili unakataa," akasema.

Walimpima malaria hata hivyo. Hakuwa nayo. Wakampima damu na choo, wakampa dawa za minyoo, akazimeza bila ubishi, akarudi kitandani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, mwanafunzi wa mwaka wa nne katika shule ya wasichana, yule ambaye aliwahi kumsahihisha mwalimu Kifaransa kwa heshima zote huku darasa likiziba midomo lisicheke. Sasa alikuwa akishinda siku nzima bila kusema maneno yanayotosha kujaza kiganja. Bugali na sambaza, dagaa wa ziwani, alivyoandaliwa vilipoa sahanini. Nywele zake, ambazo Maman Virginie alizoea kuzisuka kila wikendi, zilijifunga mafundo.

Baba yake, Papa Télesphore, alikuwa mwalimu katika chuo kimoja cha mjini na mjumbe wa kamati ya parokia. Tangu Agosti ya mwaka wa tisini na nane, waasi walipoushika mji wa Bukavu pamoja na askari kutoka ng'ambo ya Ruzizi, mto wa mpakani, alikuwa miongoni mwa wale waliosema waziwazi yale ambayo wengine waliyanong'ona. Mtaa wao mzima wa Cimpunda ulimjua. Watu walimsimamisha njiani kumuuliza mambo yatakuwaje. Jioni moja akarudi nyumbani, akamkuta binti yake pale pale alipomwacha asubuhi, akasimama mlangoni na mkoba wake mkononi.

"Colombe, katika Bukavu hii nani hana huzuni?" akauliza. "Nionyeshe mutu mmoja. Wale wanaotutawala, wanataka nini? Wanataka tulale. Wanataka sisi wote tukuwe kama wewe. Simama!"

Kama kusimama kungepatikana kwa kuamriwa, angesimama. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba aliona baba yake ana haki. Yeye alikuwa amepoteza nini? Wazazi wake wote wako hai. Nyumba yao haikuporwa. Rafiki yake Fabiola alimzika mama yake msituni mwaka wa tisini na sita, njiani, bila jeneza, na Fabiola anaenda masomo na anacheka. Colombe alijitafutia sababu kama mtu anayepapasa mifukoni, asipate. Hapo aibu ikamlalia juu ya ule uzito mwingine. Yalikuwapo pia mawazo ambayo hakumwambia mtu. Hakutaka hasa kufa. Alitamani tu kutokuwepo, na kila siku tofauti kati ya mambo hayo mawili ilikuwa ikipungua.

Fabiola ndiye aliyelifungua jambo. Alikuja baada ya Noeli kumletea madaftari ya masomo yaliyompita, akayaweka chini bila kuyazungumzia, akapanda kitandani na viatu vyake mkononi.

"Pale kwenye centre de santé kuko chumba," akasema. "Kuko maman moja, anaitwa Adèle, infirmière, muuguzi wa pale. Anatunza watu ambao roho imewachoka. Mimi ninaenda."

"Wewe?"

"We unazani kucheka kwangu kunatoka wapi? Mwaka jana nilikuwa kama wewe. Nilikuwa ninajificha vizuri tu."

Colombe akageuza kichwa kumtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi shingo yake kufanya kazi hiyo kwa kutaka mwenyewe.

Maman Virginie hakungoja mumewe atoe maoni. Siku ya pili aliomba ruhusa ofisini kwake, akamwosha binti yake kama mtoto mchanga, akamfunga kitambaa kichwani, wakateremka polepole hadi kwenye centre, kile kituo cha afya. Mbele ya kile chumba kulikuwa na meza, na nyuma ya meza alikaa mzee mpole, Papa Zagabe, aliyepokea wagonjwa kwa niaba ya mradi wa wafadhili uliokuwa ukilipia huduma ile.

"Mutoto aliona nini?" akauliza Papa Zagabe.

"Hakuona kitu," akasema Maman Virginie. "Halali vizuri, hakuli, haendi masomo."

"Nimesikia, maman. Ninauliza ya vita. Alishikwa na askari? Walimuua mutu mbele yake? Alikuwa katika wakimbizi?"

"Hapana."

"Nani alikufa kwenu?"

"Baba yangu mimi. Lakini ni uzee."

Papa Zagabe akaweka kalamu chini na kuusugua uso wake. Mradi ulikuwa wa wahanga wa vita, akaeleza, tena watu wazima. Vijana waliingia tu wakiwa na jambo kubwa la kuonyesha. Hakuwa mtu mbaya. Akatazama kushoto na kulia, akainama juu ya meza, sauti ikashuka. "Maman, sikia. Muko na ndugu kule kijijini Mumosho? Sema mutoto alienda kuwasalimia, askari wakamusimamisha njiani. Hakuna mwenye atauliza zaidi. Ataingia leo leo."

Maman Virginie alikuwa mwanamke wa kusali, aliyetoa sauti ya kwanza katika kwaya, na maishani mwake hakuwa amezoea uongo. "Ndiyo," akasema. "Ilikuwa pale Mumosho. Mwezi wa tisa. Askari walikuwa…"

"Maman, hapana," akasema Colombe.

Watu waliokaa kwenye mabenchi wakainua macho. Colombe mwenyewe alishtushwa na sauti yake, ilikuwa imekauka kwa kukaa bila kazi.

"Colombe, nyamaza, ninakutafutia—"

"Sitaki kusema bongo, sitaki uongo. Kuko wasichana wenye kufanyiwa ile mambo kweli. Sitavaa maumivu yao kama nguo ya kuazima." Akamgeukia Papa Zagabe. "Hakuna kitu nimeona, papa. Hakuna askari. Hakuna mutu aliniguza. Niko mugonjwa tu. Mutu hawezi kuumwa bure?"

Mlango wa chumba ulikuwa umefunguka, na mwanamke mfupi mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa la kijivu alikuwa amesimama hapo, mikono kiunoni.

"Anaweza," akasema. "Mutu anaumwa figo bure, anaumwa meno bure. Roho nayo inaweza kuumwa." Huyo ndiye Adèle. Akamtazama Colombe kwa muda, macho, mashavu yaliyobonyea, mikono. "Mradi uko na masharti yake na siwezi kuyafuta. Lakini lundi, Jumatatu asubuhi, mimi si wa mradi, mimi ni infirmière wa centre kama wengine. Uje lundi. Na uje na mukubwa mmoja wa nyumbani, kwa sababu dawa zenyewe hazikai mukononi mwa mutoto peke yake."

Walipofika karibu na nyumbani Maman Virginie alisimama, akajifuta macho kwa ncha ya kikwembe, kitenge alichojifunga. "Nilikuwa tayari kusema bongo mbele ya watu," akasema. "Ju yako wewe."

"Ninajua, maman."

Jumapili ile, baada ya misa, Papa Télesphore alipanda mbele kutoa matangazo. Mji ungefunga milango kuanzia kesho yake, Jumatatu. Ville morte: hakuna soko, hakuna duka, hakuna masomo, hakuna gari, mtu asionekane barabarani, ili wale walioushika mji waone kwamba wameshika mawe na mabati tu. "Wagonjwa na wanaozaa peke yao ndio watapita," akasema, na kanisa likamjibu kwa makofi. Colombe hakuwepo kusikia. Mama yake alikuwepo, na hakupiga makofi.

Asubuhi ya Jumatatu ilikuwa na ukimya ambao Cimpunda haikuwa imewahi kuujua, hata watoto walishikwa ndani. Papa Télesphore alikuwa sebuleni na redio yake, ameridhika kama mtu aliyefunga mzigo ukafungika. Akageuka, akamwona binti yake amevaa. Sketi ya shule ilikuwa imempwaya akaibana kwa pini. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, akifunga kamba za viatu, akipumzika baada ya kila fundo.

"Unaenda wapi?"

"Kwa munganga."

"Leo? Utaenda kesho kutwa, ville morte ikiisha."

"Alisema lundi, papa."

"Colombe." Alijaribu kusema kwa upole. "Mimi ndiye nilisimama mbele ya watu. Binti yangu akionekana njiani, kesho nani atanisikiliza tena? Unaelewa? Siku mbili tu ninakuomba ukae nyumbani. Watu wote wanakaa."

Ndipo Colombe alipoinuka. Hakupaza sauti, hakuwa na nguvu hiyo.

"Mimi niliishafanya ville morte yangu, papa. Tangu mwezi wa kumi. Nilifunga mulango, nilifunga madirisha, sikutoka. Mji wote ukifunga siku mbili, mutaandika mpaka Ulaya. Mimi nilifunga hapa, nyumbani kwako, na hakuna mutu aliuliza ninapinga nini. Uliniambia wanataka tulale. Basi. Leo nimeamuka. Usinirudishe kitandani."

Maman Virginie alikuwa amekwisha kujifunga kikwembe cha pili juu ya cha kwanza.

"Virginie, hata wewe?"

"Alisema mukubwa mmoja," akajibu mkewe. "Mukubwa ni mimi."

Wakatoka. Barabara ilikuwa tupu, na kila dirisha lilikuwa na jicho. Colombe alitembea akishika kuta za nyumba. Hewa ilimchoma kifuani, mwanga ulimuumiza, na kila baada ya hatua chache kile kitu ndani yake kilimwambia arudi, alale, hakuna anayemhitaji popote. Alikijibu kimoyomoyo kwa matusi ambayo hakujua anayajua.

Palipokutana njia mbili vijana wa mtaa walikuwa wamelaza gogo, wamekaa juu yake na mawe miguuni. Mkubwa wao, David, alikuwa mpiga ngoma wa kwaya ileile ya Maman Virginie. Akasimama.

"Maman, rudia. Leo hakuna kupita."

"Niko mugonjwa," akasema Colombe. "Ninaenda kwenye centre."

"Unaumwa nini? Tunakuona unatembea."

Angeweza kusema malaria. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi, jepesi, lingemfungulia njia kwenda na kurudi bila mtu kumtazama mara mbili. Akawatazama wale vijana, akatazama na madirisha.

"Ninaumwa roho. Kichwa. Siamuki, sikuli, ninatamani nisiwepo. Iko ugonjwa, na iko dawa yake, na ninaenda kuitafuta."

Mmoja akacheka. "Wazimu hiyo!" akasema, na mwingine akaokota jiwe, si kulitupa, ila kulichezea tu mkononi kwa namna ya kuonekana. Maman Virginie akajiweka mbele ya binti yake. Na hapo viatu vikasikika vikikimbia nyuma yao, na Papa Télesphore akatokea kwenye kona, shati nje, bila kofia. Alikuwa ametoka nyumbani kuwarudisha. Alikuwa amesikia kila neno, maana siku ile hapakuwa na kelele ya kuficha chochote.

"Papa Colombe," akasema David kwa unyonge, "si ni wewe ulisema wapite wagonjwa peke yao? Na huyu haumwi."

Papa Télesphore alihema. Hakumtazama binti yake, alilitazama gogo.

"Anaumwa," akasema. Lilimtoka kama mfupa kooni. "Mutoto wangu anaumwa. Mumupishe."

Vijana wakaliondoa gogo. Papa Télesphore hakwenda nao hadi kwenye centre. Alibaki pale njiapanda, na baadaye David alisimulia kwamba alikaa juu ya gogo kwa muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mambo yatakuwaje.

Adèle alikuwa amefika tangu alfajiri, ameingia kwa njia za nyuma, kwa kuwa alijua watakuja wachache na hao wachache ndio watakaomhitaji zaidi. Alimuuliza Colombe juu ya usingizi, chakula na masomo. Kisha akamuuliza, bila kuzungukazunguka, kama anafikiria kujitoa uhai. Maman Virginie akashika ukingo wa meza. Colombe akasema ukweli, na baada ya kuusema akalia, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi, kilio kirefu na kibaya cha makamasi. Adèle akamwacha alie mpaka amalize.

"Inaitwa dépression," akasema. "Haikuulizi kama uko na haki ya kuumwa. Dawa itachelewa, majuma mengine yatapita utasema Adèle amenidanganya. Uimeze tu. Maman ataishika. Na kila lundi utakuja tuzungumze. Ile mawazo ikikuzidia usingoje lundi, unipigie mulango. Na kila siku utafanya kitu kimoja kabla hujajisikia kukifanya. Ukingoja kwanza kujisikia, utaoza."

Yalikuwa kama alivyosema. Kwa majuma ya kwanza dawa ilimkausha mdomo tu na kumfanya atetemeke. Kitu chake kimoja cha siku kilikuwa kuosha kikombe; kisha vikombe vyote; kisha kusindikiza mama yake hadi sokoni. Kulikuwa na siku alizorudi nyuma kabisa. Kulikuwa na majuma ambayo vita vilifunga njia, dawa ikakosekana, na Adèle akatuma watu hadi uwanja wa ndege wa Kavumu kuulizia kama imeteremka kwenye ndege. Lakini kufikia Pasaka Colombe alimsahihisha baba yake neno moja la Kifaransa mezani. Papa Télesphore akainama juu ya sahani yake.

Shuleni, préfète, mtawa aliyekuwa mkuu wa shule, alimpokea vizuri. "Tutasema ulikuwa na hépatite, ugonjwa wa ini," akamwambia. "Ni kwa faida yako. Wenzako hawahitaji kujua."

"Lakini sikuwa na hépatite, ma sœur."

"Colombe. Ni sharti la kukupokea."

Alirudi darasani. Na saa ya kwanza tu, mwalimu alipomuuliza alikuwa wapi muda wote huo, akasimama akasema alikuwa na dépression, anatibiwa kwa Maman Adèle pale kwenye centre, na anayetaka kumuuliza kitu amuulize wakati wa mapumziko. Kwa kuvunja sharti lile alirudishwa nyumbani siku tatu. Fabiola naye alisimama akasema yeye pia anatibiwa pale pale, akarudishwa pamoja naye. Siku hizo tatu wasichana waligonga mlango wa nyumba ya Cimpunda mmojammoja, jioni, kila mmoja akidai amekuja kwa ajili ya mwenzake fulani.

Colombe aliwapeleka wote kwa Adèle. Jumatatu haikutosha tena. Adèle akatangaza kwamba asubuhi za Jumamosi chumba ni cha vijana, na hakuna atakayeulizwa alipitia nini vitani. Papa Télesphore akalitangaza kanisani mwisho wa misa, kwa maneno ya mbali yaliyopinda: kuna huduma, kwa wale wenye umri wa masomo, ambao labda, kwa namna fulani, wangehitaji. Walipotoka nje Colombe alimshika mkono.

"Papa, ungesema tu jina langu."

"Sikuwa na ruhusa yako."

"Uko nayo."

Habari ikamfikia msimamizi wa mradi. Alikuja Jumamosi moja, bwana mwenye gari na kofia, akakuta mabenchi yamejaa vijana hadi nje kwenye ngazi. Akamwita Adèle kando, lakini kando penyewe hapakuwepo, kwa hiyo wote walisikia.

"Hawa si wahanga," akasema. "Wafadhili wangu walileta pesa kwa wahanga wa vita. Nitawaelezaje? Ninaomba ufunguo wa chumba."

Adèle akaingiza mikono kwenye mifuko ya koti lake. "Ufunguo ni wa centre, monsieur. Mradi uko na meza na viti. Unaweza kuvichukua."

Bwana yule akamtazama Papa Zagabe, lakini Papa Zagabe alikuwa ameanza kuzitazama kucha zake. Akawageukia vijana. "Watoto, rudieni nyumbani. Hapa hapawahusu."

Hakuna aliyenyanyuka. Colombe alikuwa amekaa benchi la mbele. Asubuhi ile ilikuwa mojawapo ya zile mbaya. Alikuwa ameoga kwa kujilazimisha. Akainuka vivyo hivyo.

"Uchukue viti, papa," akasema. "Sisi tutakaa chini. Na posho inayokuja, Jumamosi, tutarudia. Na ile nyingine."

Viti vilipakiwa garini mchana ule. Jumamosi iliyofuata vijana walikuja na mikeka, na kati yao walikuwamo wawili kutoka mtaa mwingine, ambao hakuna aliyewajua.